Mashine moja ya darasani na ya gemu

Mwezi Oktoba 2023 mama alivunja kibubu chake, akaongezea fedha za zamu yake ya kikoba, akanikabidhi shilingi milioni mbili na laki tatu ili nimnunulie mdogo wangu kompyuta mpakato ya kuanzia chuo. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kusoma usanifu majengo, na yeye, kama mimi, amekua akicheza gemu. Mama aliniuliza swali moja tu: "Hiyo ya kusomea na hiyo ya kuchezea ni mashine moja, au mtarudi tena kwangu kudai ya pili?" Nilimjibu kwamba ni moja. Niliweza kumjibu bila kusita kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimenunua mbili kwa fedha zangu mwenyewe, ya kwanza mwaka 2019 na ya pili mwaka 2021, na kila moja ilinionyesha jambo ambalo hakuna muuzaji aliyekuwa tayari kuniambia.

Ya kwanza niliinunua Kariakoo, siku chache baada ya bumu kuingia, kwa shilingi laki sita na nusu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi. Winga aliyenipokea Mtaa wa Aggrey alinipandisha ghorofa ya pili, kwenye chumba chembamba chenye mashine zilizopangwa kama vitabu, akaniwekea mezani mashine ya mtumba yenye stika inayong'aa. "Hii ni i seveni, bosi," akasema. "RAM nane, terabaiti moja. Gemu zote zinapiga, na mambo yako ya chuo ndiyo usiulize." Nilikuwa nimesikia kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 ni kubwa kuliko i3, na kwa akili yangu ya wakati ule habari ilikuwa imekwisha. Nikalipa.

Siku ya tatu nikaanza kuifahamu. Gemu ya mpira niliyokuwa nimeitamani tangu kidato cha sita ilifunguka, lakini mchezaji alipiga hatua, akasita, akapiga nyingine, na hata nilipopunguza ubora wa picha hadi chini kabisa haikufikia fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Hilo ningelivumilia. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilipozungusha mchoro wa ngazi wa pande tatu kwenye AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, skrini iliganda kwa sekunde kadhaa kila mara, na kuiwasha asubuhi kabla ya kipindi kulichukua dakika nne nzima, kwa sababu ile terabaiti moja niliyosifiwa ilikuwa diski ngumu ya kizamani, ile inayozunguka. Kwa hiyo mashine ilikuwa imeshindwa kazi zote mbili kwa pamoja.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu tuliyekuwa tunapanga naye nyumba moja Kimara. Alifungua taarifa za mashine, akaweka kidole juu ya jina la prosesa, ubongo wa mashine: Core i7-7500U. "Dogo," akaniambia, "usisome ile saba ya mbele. Soma namba inayofuata na herufi ya mwisho." Akanieleza kwamba tarakimu ya kwanza baada ya kistari (au mbili za kwanza, namba ikiwa na tarakimu tano) hutaja kizazi cha prosesa, na kwamba herufi U ni ya prosesa za kubana umeme, zinazopangiwa takribani wati 15, ilhali H au HQ ni za wati 45 zinazowekwa kwenye mashine za kazi nzito. i7 yangu ilikuwa na kore mbili tu, yaani vitengo viwili vya kufanyia kazi. Kwenye duka lilelile nilikuwa nimeikataa mashine yenye Core i5-8250U, kwa sababu tu stika yake ilisema tano, kumbe hiyo ya kizazi cha nane ilikuwa na kore nne. Na zote mbili hazikuwa na kadi ya grafiki ya kujitegemea, kile kifaa cha kuchora picha za skrini. Zilitegemea ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe na hukopa sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ileile ninayoihitaji kwa michoro.

Niliitoa ile diski ngumu nikaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 240, na shilingi elfu tisini nilizolipa zilinifaa kuliko fedha nyingine yoyote niliyoitumia kwenye mashine ile. Iliwaka kwa sekunde zisizofika ishirini, na faili za darasani zikafunguka bila kunikawiza. Gemu hazikubadilika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "nzito" linabeba mambo mengi tofauti: kuna uzito wa diski, wa RAM, wa prosesa na wa kadi, na kila programu hulemea upande wake.

Mwaka 2021, baada ya mafunzo kwa vitendo ambayo kampuni ilitulipa posho, niliuza ile ya kwanza kwa laki nne, nikaongeza akiba yangu yote, nikanunua mashine ya mtumba iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya gemu. Safari hii nilisoma herufi. Ilikuwa na Core i7-7700HQ yenye kore nne, kadi ya GTX 1060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti sita, na RAM 16. Kwa karatasi ilikuwa mashine ya heshima, na kwa wiki mbili za kwanza niliamini nimefika. Niliicheza ile gemu ya mpira kwa fremu 60 bila kukwama, na ngazi yangu ya AutoCAD ilizunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Kisha maisha ya kawaida ya mwanafunzi yakaanza kuidai. Mashine peke yake ilikuwa na kilo mbili na nusu na ushei, na chaja yake ya wati 180 ilikuwa kubwa kama tofali na haikuwa mbali na kilo moja. Kusimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara asubuhi, watu wamebanana, begi la namna hiyo limening'inia bega moja, ni jambo ambalo hakuna anayelipima akiwa dukani. Maktaba nayo ilinishinda, kwa kuwa kila nilipofungua programu ya kukokotoa miundo feni zake zilivuma hadi meza tatu za jirani zikageuka kuniangalia. Betri ilidumu chini ya saa moja kwa kazi ya kuandika tu, kwa hiyo nilijikuta nikichagua kiti cha darasani kwa kufuata ilipo soketi badala ya kufuata panaposikika.

Usiku mmoja ulinigharimu kuliko hayo yote. Tulitakiwa kukabidhi usanifu wa fremu ya zege ya jengo la ghorofa mbili saa mbili asubuhi. Saa tano usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ilikuwa ikionyesha asilimia 38, nikajisemea kwamba zinanitosha kumaliza mihimili miwili iliyobaki na kuhifadhi. Baada ya dakika kumi na moja, bila onyo, skrini ikawa nyeusi. Mara ya mwisho kuhifadhi ilikuwa saa tatu. Nilitembea na tochi ya simu hadi kwa rafiki aliyekuwa na umeme, nikairudia kazi ya saa mbili hadi alfajiri, nikakabidhi nikiwa nimechelewa, na alama zilizokatwa zilionekana kwenye matokeo ya semista.

Baadaye nilijifunza kwamba nilikuwa na makosa mawili kuhusu betri, na nadhani ni watu wengi walio nayo. Kwanza, asilimia inayoonyeshwa ni asilimia ya kilichobaki katika betri iliyochakaa, si ya betri kama ilivyotoka kiwandani. Windows ina amri ya powercfg /batteryreport ambayo huandika taarifa yenye namba mbili muhimu, ujazo wa awali na ujazo wa sasa, na yeyote anayenunua mtumba anaweza kuitoa pale pale dukani kwa dakika moja. Nilipoitoa ya kwangu, ujazo wa sasa haukufika theluthi ya ule wa awali. Pili, hata betri mpya haikutengenezwa kuendesha gemu. Kadi ya wati 80 na prosesa ya wati 45 zikifanya kazi kwa nguvu zote zinakula wati 125 kabla ya kuhesabu skrini, na betri nzuri ya wati-saa 60 ingekwisha ndani ya nusu saa. Ndiyo maana watengenezaji huipunguza mashine nguvu pindi unapochomoa chaja. Ukiona mtu anachagua kompyuta ya gemu kwa kuuliza betri inadumu saa ngapi kwenye gemu, mwambie kwa upole kwamba gemu ni kazi ya mezani, karibu na soketi, na swali la betri aliulize kwa ajili ya darasa.

Ule mwaka wa 2021 uliniletea jingine. Mwezi Oktoba Windows 11 ilitoka, na kwa upande wa Intel, kampuni iliyotengeneza prosesa yangu, ilidai prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba ambazo yangu haikuwamo. Miezi mitano baada ya kuinunua, mashine yangu ilikuwa tayari imeachwa nyuma. Windows 10 iliendelea kuhudumiwa hadi tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sikukwama mara moja, lakini nilikuwa nimenunua kitu ambacho mwisho wake ulikuwa umeshaandikwa.

Joto ndilo lililonipeleka kwa fundi. Msimu wa joto kali, gemu ilikuwa ikianza kwa fremu 70 na baada ya dakika kumi inaporomoka hadi 35, inapanda, inaporomoka tena. Nilidhani kadi imekufa. Nilimpelekea mzee mmoja mwenye kibanda Mwenge, nikamwamkia, akaniitikia na kuniuliza, "Inakusumbua nini, mwanangu?" Nilipomweleza hakuiwasha hata mara moja. Aliigeuza, akafungua skrubu kumi na moja akizipanga juu ya karatasi kwa umbo lile lile zilivyokaa kwenye kifuniko, kisha akanionyesha mapezi ya shaba yanayotoa hewa ya moto. Yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na alilichomoa kwa kibano likatoka zima, na alama za mapezi zimejichora upande mmoja. Chini yake, ile dawa ya kupitisha joto ambayo mafundi huiita pesti ilikuwa imekauka ikawa kama chaki na kupasuka. Akaifuta kwa pamba na spiriti, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya prosesa na zaidi kidogo juu ya kadi, akafunga.

Kabla ya hapo prosesa ilikuwa ikifika nyuzijoto 97. Jioni ile, kwa gemu ileile, haikuzidi 84, na fremu zilibaki pale pale saa nzima. Fundi aliniambia sentensi ambayo nimeibeba tangu siku ile: "Mashine haikuwa mbovu, ilikuwa inajiokoa." Prosesa na kadi zikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue, na mtumiaji huona gemu inasuasua au mchoro unachelewa. Tangu hapo ninapoitazama kompyuta mpakato mambo ya kwanza ninayoyatafuta ni njia ya hewa, idadi ya feni na unene wa mwili wake. Hata stika naisoma baadaye. Hapa Dar es Salaam chumba chenyewe huwa kimeshafika nyuzijoto 30 au zaidi kabla mashine haijawashwa, na hewa inayovutwa na feni ni hiyo hiyo.

Basi nilipokabidhiwa fedha za mama nilikuwa na picha kamili kichwani, na nilianza na somo la mdogo wangu kabla ya kufikiria duka. Tulikaa tukaorodhesha programu watakazofundishwa, kisha tukasoma kwenye kurasa za watengenezaji wenyewe mahitaji ya kila moja. Revit, programu ya kuchorea majengo, huendeshwa kwenye Windows tu, na kwa sababu hiyo tuliiweka kando MacBook ambayo rafiki zake walikuwa wakimshawishi aidai, ingawa kwa betri na ukimya wake ningeinunua bila kufikiri mara mbili kwa mtu anayesoma sheria au uandishi wa habari asiyecheza gemu. Gemu anazozipenda nazo zilikuwa na masharti: FC 24 peke yake ilitaka nafasi ya gigabaiti 100, na Valorant kwenye Windows 11 hukataa kufunguka kama mashine haina TPM 2.0 na Secure Boot, ambazo ni kinga za usalama za ndani ya mashine. Ukijumlisha michoro ya semista, Windows yenyewe na gemu mbili, SSD ya gigabaiti 256 ilikuwa imeshajaa kabla hajaanza kuitumia, hivyo tukaweka 512 kuwa ndiyo ya chini kabisa, tena mashine iwe na nafasi ya kuongeza ya pili.

Fedha tuliigawa kabla ya kutoka nyumbani. Milioni mbili kamili ndiyo ilikuwa ya mashine, na laki tatu zilizobaki zilikuwa za RAM ya ziada, kinga ya umeme na begi lenye mikanda miwili. Nilisisitiza hilo kwa sababu winga mzuri ataiona hela yote iliyo mfukoni mwako na kukutafutia mashine ya bei ile ile, nawe ukirudi nyumbani huna hata ya kununua adapta.

Tuliingia Kariakoo saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, maduka yakiwa bado na nafasi. Nilikuwa na flashi yenye programu za bure za kupima joto na kadi, pamoja na mchoro mmoja mzito wa daraja niliouchora chuoni. Mashine ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa mtumba yenye kadi ya RTX 3060 ya gigabaiti sita, kwa milioni moja na laki tisa na nusu. Kwa gemu peke yake ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote tulizoziona siku ile. Niliendesha ile amri ya betri: ujazo wa awali ulikuwa zaidi kidogo ya wati-saa 56, wa sasa 29. Nusu ya betri ilikuwa imeshakwenda, kibodi ilikuwa ya mpangilio wa Kifaransa, na muuzaji alitoa dhamana ya wiki mbili tu. Mdogo wangu aliiangalia kwa huzuni, nami nilielewa, lakini tuliiacha.

Duka la pili lilikuwa na mbili mpya, na hapo ndipo palipokuwa na somo lenyewe. Moja ilikuwa nyembamba, nzuri, ya rangi ya fedha, na stika ya RTX 3050 Ti. Ya pili ilikuwa nene na nyeusi, yenye RTX 3050 bila hiyo Ti, Core i5-12450H yenye kore nane, RAM 8 na SSD 512, nayo iliuzwa pungufu kwa laki moja na nusu. Muuzaji alituelekeza kwenye ile nyembamba, kwa kuwa Ti iko juu ya isiyo na Ti. Kwa jina ni kweli. Lakini NVIDIA, kampuni ya kadi hizo, huwaruhusu watengenezaji wa kompyuta kuilisha kadi ya familia hiyo kuanzia wati 35 hadi 80, kulingana na mwili wa mashine unavyoweza kuondoa joto, na hiyo ndiyo namba isiyoandikwa kwenye stika. Nilifungua paneli ya NVIDIA, sehemu ya taarifa za mfumo, nikashuka hadi mstari unaotaja kiwango cha juu cha umeme wa kadi. Nyembamba ilisema wati 40. Nene ilisema 75.

Niliomba ruhusa ya kuzipima kwa nusu saa kila moja. Muuzaji alisita kwanza, akasema hapo dukani hawachezi gemu, nikamwambia kwamba nina fedha taslimu na nitanunua mojawapo leo leo kama nitaridhika, akatuletea viti. Tuliweka kipimo kile kile cha kadi, ubora ule ule wa picha. Nyembamba ilianza kwa fremu 58, na hadi dakika ya kumi na tano ilikuwa 41. Mdogo wangu aliweka vidole juu ya herufi W, A, S na D, akaviondoa haraka. "Kaka, hapa pana moto," akasema, na ilikuwa kweli, kwani ndipo vidole vya mchezaji vinapokaa muda wote. Nene ilianza kwa 63 na baada ya nusu saa ilikuwa 60. Ilivuma, sikatai, lakini sehemu ya kibodi ilibaki vuguvugu tu. Kisha tukafungua lile daraja langu tukalizungusha kila upande. Mashine iliyoshinda kwenye gemu ndiyo iliyoshinda kwenye daraja, kwa kuwa kazi zote mbili zinategemea mashine inayoweza kufanya kazi nzito kwa muda mrefu bila kuchemka.

Nilijaribu jambo moja la mwisho kabla ya kulipa. Niliichomeka ile nene kwa chaja ndogo ya wati 65 ya tundu la USB-C niliyoiazima dukani hapo hapo, nikaona alama ya kuchaji imewaka. Kwangu hilo lilikuwa na uzito sawa na kadi. Chaja kubwa ingebaki nyumbani kwa ajili ya gemu, na ile ndogo inayoingia mfuko wa koti ingekwenda chuoni. Tukalipa, tukachukua risiti ya EFD na dhamana ya mwaka mmoja, nikahakikisha namba ya mashine iliyoandikwa kwenye risiti ndiyo iliyo chini ya mashine na kwenye boksi.

Haikuwa kamili, na nilimweleza mdogo wangu mapema mahali ilipopungua. Kumbukumbu ya kadi ni gigabaiti nne tu, na gemu mpya ukizipandisha ubora wa picha huijaza haraka. Skrini yake ni ile ya rangi hafifu inayoonyesha asilimia 45 ya wigo wa rangi uitwao NTSC, ambayo hutumiwa sana kwenye mashine za gemu za bei ya chini, na kwa mwanafunzi wa usanifu hilo ni upungufu wa kweli: ukuta alioupaka rangi ya udongo kwenye skrini yake hutoka tofauti ukichapwa. Amejizoeza kukagua rangi kwenye skrini za maabara ya chuo kabla ya kuwasilisha. Kwa milioni mbili, kati ya rangi na joto, nilichagua joto, na ningechagua hivyo tena.

Kuiweka sawa kulichukua jioni moja. Tuliongeza kipande cha pili cha RAM ya gigabaiti nane, na hapa napenda mtu aelewe kwamba vipande viwili vya nane hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha kumi na sita, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Skrini tuliipangia ijichore mara 144 kwa sekunde ikiwa mezani na 60 ikiwa chuoni, kadi kubwa ikalazwa wakati wa darasa ili ifanye kazi ile ndogo ya ndani ya prosesa, na betri tukaiwekea kikomo cha asilimia 80 ikiwa kwenye chaja, kwa kuwa betri inayokaa imejaa muda wote huku inapigwa na joto la gemu huchakaa upesi. Kwa mpangilio huo ilimpa saa tano na nusu za kuandika na kusoma. Mwaka ule uliishia kwenye mgao wa umeme, na kuna siku alimaliza vipindi vyote, akarudi nyumbani gizani, akaendelea na mchoro wake hadi umeme ukarudi. Amri yangu moja kwake ilikuwa kwamba umeme ukikatika achomoe chaja ukutani na asiirudishe hadi dakika chache baada ya kurudi, maana unaporudi huja kwa kishindo, na kinga tuliyonunua nayo ina mwisho wake. Programu za michoro zote tuliziwekea kuhifadhi zenyewe kila dakika tano, na hilo sikuhitaji kumweleza sababu; alikuwepo nyumbani asubuhi ile ya 2021 niliporudi na macho mekundu.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu akasema, "Kaka, fremu zimeanza kushuka baada ya dakika kumi, na Revit inanichelewesha kwenye madirisha." Nilimuuliza mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Haikuwahi kufunguliwa, na dhamana ilishakwisha. Nilimwelekeza kwa yule mzee wa Mwenge, akaenda Jumamosi, akakaa kwenye stuli akitazama skrubu zikipangwa juu ya karatasi. Jioni akanitumia picha mbili: ya kipande cha vumbi kimekaa juu ya kiganja chake, na ya kipimo cha joto baada ya saa nzima ya mchezo, nyuzijoto 82.